Jinsi ya Kuchagua Ampu ya Gita kwa Mazoezi ya Kimya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Kosa linalojirudia ni moja. Mtu ananunua ampu ya wati 50 au 100 kwa sababu dukani ilinguruma vizuri na bei ilikuwa ya maongezi. Akifika nyumbani, nobu ya volyumu haipiti namba moja. Ikiwa sifuri ni kimya. Ikisogezwa kidogo tu, mtoto wa chumba cha pili anaamka. Wiki mbili baadaye gita linapigwa bila ampu, na ampu imegeuka stuli ya kuwekea chupa ya chai.

Ampu ya mazoezi ya nyumbani unaipima kwa jinsi inavyosikika ikiwa chini. Hatua zifuatazo zinategemeana: ukiruka moja, inayofuata itakupa jibu la uongo. Zinamhusu zaidi mpigaji wa gita la umeme, solo au ridhimu. Wapiga besi na wa galatoni (gita lisilo la umeme) wana maneno yao machache kwenye hatua ya tatu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoa hela

- Gita lako mwenyewe. Pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za gita la dukani zinaweza kuwa na nguvu kuliko zako. Ampu iliyosikika nene kule itasikika nyembamba kwako.
- Waya wa gita wa mita 3 unaoujua kuwa mzima, wenye jeki za milimita 6.35 pande zote mbili.
- Hedifoni za waya zinazofunika sikio lote na zilizoziba nyuma, za ohm 32 hadi 80. Zile za studio za ohm 250 zitatoa sauti hafifu kwenye ampu nyingi ndogo.
- Kigeuzi cha jeki kutoka milimita 3.5 kwenda 6.35, cha stirio. Kitambue kwa pete mbili za plastiki kwenye chuma chake. Chenye pete moja ni cha mono, na kitakupa sauti sikio moja.
- Simu yenye programu ya kupimia desibeli. Simu hukosea kwa desibeli kadhaa, lakini kwa kulinganisha hali mbili inatosha.
- Betri sita mpya za AA, kwa sababu ampu ndogo nyingi za dukani huwa hazina betri ndani na muuzaji hana adapta yake karibu.

## Hatua ya 1: Pima nyumba yako inavumilia sauti kiasi gani

Kaa mahali utakapofanyia mazoezi, saa ile ile utakayofanyia. Chumba cha saa nane mchana kwenye kelele za bodaboda si chumba cha saa nne usiku.

Washa programu ya desibeli, uandike kipimo chumba kikiwa kimya. Kisha cheza muziki wenye gita kwenye redio au spika ndogo, ukiupandisha hadi simu, ikiwa mita moja kutoka kwenye spika, isome 60, halafu 65, halafu 70. Mazungumzo ya kawaida yako karibu na 60. Mwenzio asimame upande wa jirani na akwambie ni wapi anaanza kusikia noti moja moja. Namba hiyo ndiyo dari yako.

Aina ya nyumba inabadilisha kila kitu. Katika nyumba za kupanga zenye vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi, mara nyingi kuta za ndani haziendi mpaka kwenye bati. Hewa ya juu ni moja kwa wapangaji wote, na sauti inaruka ukuta kama paka. Hapo pazia zito au godoro ukutani havisaidii kitu. Kwenye ghorofa tatizo ni besi, inayopita ndani ya zege, pamoja na mguu wako unaogonga tempo sakafuni. Jirani wa chini husikia huo mguu kabla ya gita. Weka zulia au kandambili nene chini yake.

Utajua umemaliza ukiwa na namba moja. Chini ya 60: unanunua kifaa cha hedifoni, spika ni ya ziada. Kati ya 60 na 70: ampu ndogo yenye tundu la hedifoni. Juu ya 70: una uhuru wa kuchagua karibu chochote kilichomo humu.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya wati mara moja, kisha uisahau

Chukua spika ya gita inayotoa desibeli 95 kwa wati moja, ukiisikiliza kutoka mita moja. Kila ukigawa wati kwa kumi, sauti inashuka desibeli 10, na sikio huona kama imepungua nusu.

- Wati 10: desibeli 105
- Wati 1: desibeli 95
- Wati 0.1: desibeli 85
- Wati 0.01: desibeli 75
- Wati 0.001: desibeli 65

Mstari wa mwisho ndio chumba chako. Unafanya mazoezi kwa sehemu moja ya elfu ya wati. Hata ukiacha nafasi ya pigo kali la mkono, wati 3 zinazidi mahitaji kwa mbali.

Kwa nini basi usinunue kubwa na kuipunguza? Kwanza, nobu: kazi yako yote inafanyika kwenye milimita chache za mwanzo, na hapo upepo tu unabadilisha sauti. Pili, ule mvumo wa "shhh" wa saketi ya mwisho haupungui ukishusha volyumu, kwa hiyo gita likiwa chini mvumo unabaki vile vile na unalifunika. Tatu, spika ya inchi 12 na valvu (taa za kioo za kukuza sauti kwenye baadhi ya ampu) hupata utamu wao zikisukumwa. Zikiachwa zilale, sauti inakuwa bapa.

Zipo ampu kubwa zenye swichi ya kupunguza nguvu. Boss Katana 50, kwa mfano, inashuka hadi wati 0.5. Hilo linairudishia nobu maana yake, lakini angalia hesabu hapo juu: nusu wati bado ni desibeli 92. Masta, yaani nobu ya ukubwa wa sauti, lazima ibaki chini.

Kwa hiyo unaposoma paneli ya mbele, acha namba ya wati utafute nobu mbili tofauti, moja imeandikwa GAIN na nyingine MASTER au VOLUME. Ya kwanza huamua sauti iwe safi au ichanike. Ya pili huamua ukubwa. Ampu yenye nobu moja ya volyumu pekee haitakupa sauti iliyochanika bila kuamsha mtaa.

## Hatua ya 3: Chagua aina

### Kidude cha hedifoni kinachochomekwa kwenye gita

Vox amPlug na Fender Mustang Micro ndizo za kutazama kwanza. Ya Vox hutumia betri mbili za AAA. Ya Fender huchajiwa kwa USB. Hazina spika. Zinachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la gita, hedifoni zinaingia upande wa pili, na jirani hasikii chochote zaidi ya nyuzi kavu.

Angalia umbo la tundu la gita lako. Kwenye magita yenye tundu lililozama kwa mshazari, mfano wa Stratocaster, vidude vingine vinabanwa visiingie vizuri. Hii ndiyo sababu unakwenda na gita lako.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja mwenye dari ya chini ya desibeli 60, hapa ndipo hela iende. Wengi hukidharau kidude hiki kwa udogo wake, halafu wakanunua ampu ambayo hawawezi kuiwasha.

### Ampu ndogo ya betri

Blackstar Fly 3 ina wati 3 na spika ya inchi 3. Roland Micro Cube GX ina wati 3 pia, ila spika yake ni ya inchi 5. Boss Katana Mini ina wati 7 na spika ya inchi 4. Zote tatu hula betri sita za AA, jambo la maana umeme ukikatika.

Ukubwa wa spika ndio unaozitofautisha. Uzi mnene wa gita ukiwa wazi unatoa hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde). Spika ya inchi 3 haiwezi kuitoa sauti hiyo kwa ukamilifu, kwa hiyo unasikia zaidi vivuli vyake vya juu. Kwa jirani hiyo ni neema. Kwako ni upungufu unaovumilika, hasa ukipiga solo.

Mpigaji wa rumba, sebene au benga anahitaji sauti safi isiyopasuka hata akigonga nyuzi kwa nguvu, na korasi kidogo juu yake, ile efekti inayofanya gita moja lisikike kama mawili. Micro Cube GX ina sauti safi ya JC (inayoiga ampu ya Roland Jazz Chorus) na korasi ndani, hivyo inamfaa kuliko ampu nyingi za ukubwa huo zilizotengenezwa kwanza kwa ajili ya roki.

### Ampu ya mezani ya kidijitali

Hapa wako Yamaha THR10II na wenzake. Hiyo ina spika mbili za sentimita 8 zinazotoa sauti ya stirio, na imekusudiwa isikilizwe kutoka karibu ikiwa chini. Bei inapanda sana, lakini kwa mtu wa ghorofani mwenye dari ya 65 hakuna kundi linalosikika vizuri zaidi kwa sauti hiyo. Muziki wa kufuatisha ukipitia humo humo, huhitaji redio ya pembeni.

### Kompyuta au simu

Ukiwa na laptopu, kadi ya sauti ya nje yenye tundu la INST, kama Focusrite Scarlett Solo, pamoja na programu ya bure kama Neural Amp Modeler, inakupa sauti ambazo ampu ya bei ndogo haizigusi. Mtego ni kuchelewa kwa sauti. Kwenye mipangilio ya programu, weka bafa (sauti inayokusanywa kabla ya kuchakatwa) kwenye sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde: huko ni kuchelewa kwa milisekunde 2.7 kwa kila upande, na mkono hauhisi. Kwenye Windows hakikisha unatumia draiva ya ASIO (programu ya kupitisha sauti haraka) ya kadi yenyewe, la sivyo utapiga noti sasa uisikie baadaye. Simu za Android zinatofautiana mno katika hili. Usinunue kifaa chake bila kukijaribu kwenye simu yako.

### Valvu, galatoni na besi

Ampu ya valvu ya wati 1 bado ni desibeli 95. Iache hadi uwe na nyumba yako peke yako. Ukiwa nayo tayari, usiichomoe spika ili inyamaze: transfoma ya mwisho inaweza kuungua.

Galatoni yenye pikapu inasikika vibaya kwenye spika ya gita la umeme, kwa sababu spika hiyo hukata sauti za juu. Lakini kwa mazoezi ya nyumbani, galatoni haihitaji ampu. Besi ya nyuzi nne inashuka hadi hezi 41, na hakuna spika ndogo inayoifikia. Mpiga besi anunue kidude cha hedifoni kilichotengenezwa kwa besi na amalize.

## Hatua ya 4: Kagua matundu

PHONES. Hili ni la lazima. Likichomekwa, spika inyamaze yenyewe. Usichomeke hedifoni kwenye tundu lililoandikwa SPEAKER hata siku moja. Nguvu inayotoka hapo inaua hedifoni na inaweza kuumiza sikio.

AUX au Bluetooth ya kuingiza muziki. Inakuwezesha kupiga juu ya wimbo kutoka kwenye simu. Bluetooth kwa kazi hii haina shida, kwa sababu wimbo ukichelewa unachelewa wote.

Hedifoni za Bluetooth ni habari nyingine. Sauti ya gita ikipita kwenye Bluetooth ya kawaida huchelewa milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi. Katika sebene ya mapigo 130 kwa dakika, noti nne ndani ya pigo moja zinapishana kwa milisekunde 115. Maana yake unasikia noti ya nyuma wakati mkono umeshafika ya mbele. Hakuna mazoezi hapo. Tumia waya, au mfumo unaotumia redio yake maalumu kama Boss Waza-Air, ambao bei yake ni ya mtu aliyekwisha amua.

### Vipi kuhusu sabufa iliyopo sebuleni?

Swali hili haliishi, basi lijibiwe vizuri. Pikapu ya gita inataka kuingia kwenye tundu la karibu ohm milioni moja. Tundu la AUX la sabufa lina ohm elfu kumi hadi elfu hamsini hivi. Pikapu inaelemewa, trebo inapotea, sauti inatoka hafifu kama imefunikwa blanketi. Unapandisha volyumu, mvumo unapanda nao. Ukiongeza pedali ya distoshen (ya kuchanisha sauti) unapata nyuki ndani ya kopo, kwa sababu sabufa inatoa sauti za juu kabisa ambazo spika ya gita huzikata.

Njia ipo: chomeka kidude cha hedifoni kwenye gita, kisha utoe waya wa stirio kutoka kwenye tundu lake la hedifoni hadi AUX ya sabufa. Anza zote mbili zikiwa sifuri. Punguza besi ya sabufa karibu yote, maana boksi lake ndilo linalomfikia jirani.

## Hatua ya 5: Soma umeme kabla ya kuwasha

Geuza ampu au adapta usome maandishi. Tanzania ni volti 230, Kenya na Uganda 240, zote hezi 50 (Hz).

- 100-240V, 50/60Hz: inafanya kazi popote. Badilisha plagi tu.
- 120V 60Hz pekee: imetoka Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya kwetu itaungua papo hapo, fyuzi ikiwahi kukatika shukuru. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zinazovutwa. Mzigo uliotumwa na ndugu wa ughaibuni mara nyingi ni wa aina hii, na uzito wa transfoma hiyo unafuta raha ya zawadi.
- 100V pekee: imetengenezwa kwa soko la Japani. Inahitaji transfoma yake. Ile ya 110 itaizidishia.

Kwa ampu ndogo za adapta, linganisha vitu vitatu: volti ziwe sawa kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa duara wenye alama za chanya na hasi uwe ule ule. Boss na Roland kwa kawaida huweka hasi katikati ya pini. Chaja nyingi za mitaani huweka chanya. Blackstar Fly 3 inataka volti 6.5, kwa hiyo adapta ya pedali ya volti 9 haiifai hata kama inaingia vizuri.

Onyo kuhusu athi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Nyuzi za gita la umeme zimeungana na athi ya ampu kupitia chuma kinachoshikilia nyuzi. Mikono yako iko kwenye waya huo muda wote. Usikate pini ya athi ili kupunguza mvumo, na uache mchezo wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Nunua adapta ya plagi. Ukigusa nyuzi na kitu kikakupiga shoti ya kweli, zima ukutani na umwite fundi umeme aangalie soketi kabla ya kuilaumu ampu.

Gharama isikutishe. Ampu inayovuta wati 30, saa moja kila siku, hula yuniti 0.9 kwa mwezi mzima.

## Hatua ya 6: Jaribio la dakika kumi na tano dukani

Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, duka lina kelele na muuzaji atataka kukuonyesha ampu ikinguruma. Mwombe uwashe mwenyewe. Fuata mpangilio huu.

1. Iwashe bila gita, nobu zote sifuri. Weka sikio sentimita 30 kutoka kwenye spika. Mvumo mwepesi ni kawaida. Mngurumo mzito wa "uuu" unaosikika hata ukisimama ni kapasita zilizochoka au umeme usio na athi.

2. Zungusha kila nobu taratibu, gita likiwa limechomekwa. Ikikwaruza, kwenye ampu mpya ikatae. Kwenye ya mtumba ni vumbi, fundi huisafisha kwa dawa ya kunyunyiza. Itumie kushusha bei.

3. Pandisha masta polepole kutoka sifuri. Hiki ndicho kipimo kikuu. Sauti inapaswa kukua taratibu. Ikiwa kimya hadi mahali fulani kisha ikalipuka ghafla, nobu hiyo haitakufaa usiku, hata ampu iwe nzuri vipi kwa mengine.

4. Piga safi, kwa nguvu. GAIN iwe chini, masta iwe kiasi cha kuweza kuongea juu yake. Gonga nyuzi zote sita. Ikichanika hapo, sauti safi ya ampu hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Usiruhusu distoshen iguswe kabla ya jaribio hili, maana distoshen huficha aibu zote.

5. Piga noti moja moja uzi mnene, kutoka wazi hadi kishikio cha 12. Noti moja ikitetemesha boksi au kulia "trrr", skrubu imelegea au karatasi ya spika imechanika.

6. Chomeka hedifoni. Masikio yote mawili yatoe sauti. Rudia namba 4, kisha pandisha GAIN hadi ichanike, kwenye spika na kwenye hedifoni. Ikiwa distoshen kwenye hedifoni ina makali ya kukwaruza wakati kwenye spika ilikuwa laini, ampu hiyo haina saketi ya kuiga spika kwenye tundu la PHONES. Kwa mtu atakayeishi ndani ya hedifoni, hiyo ni sababu tosha ya kuirudisha kaunta.

7. Tikisa jeki ndani ya tundu. Sauti isikatike.

8. Izime, weka betri, iwashe tena. Ampu ya betri isiyojaribiwa kwa betri hujajaribu.

Utajua ni yenyewe ukijikuta umepiga dakika tano kwa sauti ya mazungumzo bila hamu ya kuongeza.

## Hatua ya 7: Iweke na kuirekebisha nyumbani

Usiiache sakafuni. Ikiwa chini, trebo inakupita magotini, wewe unaongeza trebo, na aliyekaa mbele yake anatobolewa masikio. Ipandishe hadi usawa wa kifua au iinamishe ikutazame usoni. Chini yake weka kipande cha sponji cha sentimita 3 hadi 5 ili mtetemo usiingie kwenye meza. Kiti cha plastiki hulia. Meza ya mbao ni bora.

Itoe kwenye kona angalau hatua moja. Kona huongeza besi, na besi ndiyo inayosafiri.

Halafu fanya hila inayozidi zote: ivute karibu. Kutoka mita moja kuja nusu mita, wewe unapata desibeli 6 zaidi huku jirani akipata zile zile. Sasa shusha masta desibeli 6. Wewe husikii tofauti, yeye anasikia.

Mipangilio ya kuanzia kwa sauti safi: GAIN 3, besi 4, kati 6, trebo 6, korasi polepole, mwangwi kidogo sana. Sikio hupoteza besi sauti ikiwa chini, kwa hiyo utatamani kuiongeza. Ongeza ukiwa na hedifoni. Kwenye spika pandisha ya kati badala yake. Gita hujitokeza bila kuvuka ukuta.

Ndani ya hedifoni, kuwa na kikomo. Shirika la Afya Duniani linakubali desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 juu ya hapo hukata muda huo nusu. Njia rahisi: vaa hedifoni, weka masta mwanzoni mwa mazoezi, ubandike utepe pembeni ya nobu, na usiuvuke hata masikio yakizoea na kuanza kudai zaidi.

## Ikienda mrama

Mvumo unaokoma ukigusa nyuzi. Kawaida, hasa kwenye pikapu za koili moja. Geuka digrii 90 kutoka kwenye taa, runinga au chaja ya simu usikie ukipungua. Usipokoma hata ukigusa, waya wa gita umekatika ngao yake. Badilisha waya kwanza.

Redio inasikika ndani ya ampu. Waya mrefu umekuwa antena. Tumia wa mita 3 au mfupi zaidi, na ushushe GAIN.

Sauti hafifu ghafla, inachanika hata GAIN ikiwa chini. Betri zimeisha. Za kuchaji za AA hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo sita zinakupa volti 7.2 badala ya 9. Soma kijitabu kama ampu yako inazikubali.

Hedifoni upande mmoja tu. Kigeuzi ni cha mono, au jeki haijaingia hadi mwisho. Isukume mpaka ilie "kli".

Jirani bado analalamika ingawa simu inasoma 60. Mwulize anasikia nini hasa. Akisema "dum dum", shusha besi na uikague sponji. Akisema anasikia wimbo ule ule kila siku, hilo halitibiwi na ampu, vaa hedifoni.